Nyaraka za baba aliyekwenda Keya: namna ya kuzisoma bila kuzilazimisha ziseme yasiyomo

Mleta uzi, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, wazee wa lile lililokuwa Jimbo la Kati waliokwenda Keya, yaani jeshi la mkoloni la King's African Rifles (KAR), wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia karibu wote wametangulia mbele ya haki, na makaratasi yao yamebaki mikononi mwa watoto ambao nao wengi wamekwisha kustaafu. Katika misiba na vikao vya ukoo, hapa mjini na huko Mvumi, Kongwa na Mpwapwa, nimeona makaratasi hayo yakitolewa, yakisifiwa, yakipigwa picha kwa simu, kisha yakirudishwa sandukuni bila mtu kuyasoma. Naleta uzi huu ili tuyasome. Nitatumia nyaraka za marehemu baba yangu kama mfano, lakini jina lake na namba yake nitaviacha kwa heshima ya familia.

Karatasi hizi hazikuandikwa ili kumweleza mtu. Ziliandikwa na makarani wa jeshi la mkoloni ili wakubwa wajue namba fulani iko kikosi gani, imevuka bahari lini, inadai shilingi ngapi na imeachishwa kwa sababu gani. Anayezifungua akitafuta ushujaa wa baba yake ataona mihuri na vifupisho tu. Tafuteni kwanza kikosi, mahali na tarehe. Vitatu hivyo vikishapatikana, masimulizi ambayo mzee aliyaacha yanapata pa kukaa, na mara nyingi yanageuka kuwa ya kweli kuliko tulivyodhani, ingawa si kwa namna tuliyodhani.

Baba aliacha cheti cha kuachishwa jeshi, kijitabu cha malipo ambacho kurasa zake kadhaa zimeliwa na mchwa, picha moja ya studio, na medali zilizofungwa katika kitambaa.

Cheti kinasema kwamba aliandikishwa Dodoma mwaka 1942 akiwa na umri wa kukadiria wa miaka 22. Msichukue hesabu hiyo mkaigeuza kuwa mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu ofisa mwandikishaji alimtazama kijana usoni, akapima kwa macho, akaandika. Bibi yetu alikuwa na kipimo kilicho bora. Alisema baba alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe na nafaka na kuwaswaga wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita. Kwetu njaa zina majina, na majina hayo ndiyo kalenda yetu. Ukiweka kauli ya bibi kando ya kadirio la ofisa, unapata kijana wa miaka kati ya 22 na 25, na vyote viwili vinakubaliana. Wenye wazazi waliobatizwa watazame pia vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za zamani. Kanisa la Anglikana lilikuwapo Mpwapwa na Mvumi muda mrefu kabla ya Dayosisi ya Central Tanganyika kuanzishwa mwaka 1927, na tarehe ya ndoa iliyofungwa wakati wa likizo ya askari yaweza kuthibitisha kwamba siku hiyo alikuwa nyumbani wala hakuwa baharini.

Sitaupita mstari huo wa kuandikishwa haraka, maana nausoma kwa uchungu. Kizazi kilichozaliwa katika njaa iliyoletwa na vita ya kwanza ndicho kilichoitwa kwenda vita ya pili. Cheti kina nafasi ya kabila, wilaya na jina la mtemi, na nafasi ya mtemi haikuwekwa kama pambo, kwa kuwa watemi walitakiwa kutoa watu na serikali ilitaka kujua kila mtu ametoka kwa nani. Ndani ya cheti huwezi kuona kama kijana alijitolea, alishawishiwa na mshahara katika mwaka wa ukame, au aliambiwa tu kwamba zamu ya kaya yao imefika. Baba alituambia kwamba alikwenda kwa sababu kaka yake alikuwa amekwisha kuoa na yeye alikuwa bado. Kauli hiyo tumeiandika na kuiweka pamoja na cheti.

Kuhusu majina, kuweni na subira. Karani angeweza kuwa Mnyasa, Mkikuyu au Mwingereza, naye aliandika alichosikia. Majina yetu ya Kigogo yenye "nh" na "mh" yalimshinda mgeni yeyote, "l" na "r" zilibadilishana, "ch" iliandikwa kwa namna tatu nne. Wapo waliotumia jina la ubatizo jeshini na jina la ukoo nyumbani, na wapo ambao jina la baba yao liligeuzwa kuwa jina lao. Kinachomfuata askari katika karatasi zote ni namba. Iandikeni nzima, pamoja na herufi zilizoitangulia, kwa kuwa herufi hizo ni sehemu ya namba. Anayeziacha atajikuta anamfuatilia mtu mwingine.

Sasa kikosi. Katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha baba yameandikwa EAMLS, yaani kikosi cha kazi cha jeshi la Afrika Mashariki, watu wa kuchimba, kujenga na kubeba. Baadaye imegongwa mihuri ya 36 KAR. KAR ndiyo Keya yenyewe, iliyoundwa mwaka 1902, na katika vita ile namba ya batalioni ilisema jambo kuhusu asili yake. Batalioni ya Tanganyika tangu zamani ilikuwa ya 6, na vita ilipopanuka zikaja ya 26 na ya 36. Ukiona mojawapo ya hizo, pamoja na herufi T.T. zinazosimama kwa Tanganyika, basi mzazi wako alikuwa na watu wa nchi hii, ingawa Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi, Wahehe na wengineo walichanganywa humo, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Ndani ya kurasa za mienendo mtakutana na herufi TOS na SOS. Vijana wengi huishtukia SOS wakidhani ni kilio cha kuomba msaada. Hapa haina maana hiyo. TOS ni kwamba askari amepokelewa katika hesabu ya kikosi, na SOS ni kwamba ameondolewa katika hesabu ya kikosi. Kuondolewa huko hakumaanishi kutoroka wala kufukuzwa. Mtu aliyelazwa hospitali kwa muda mrefu, aliyehamishwa au aliyepelekwa mafunzoni aliondolewa hesabuni ili nafasi yake ijazwe. Panga TOS na SOS zote kwa tarehe katika karatasi moja, na utakuwa umepata mifupa ya safari yake yote.

Safari ya baba ilipopangwa hivyo ilitoa jibu ambalo ukoo wetu haukulitarajia. Kwetu imesemwa miaka yote kwamba alipigwa risasi Burma, yaani Myanmar ya leo. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba alitolewa Burma kwa machela. Risasi iliongezwa na masimulizi ya ukoo. Kijitabu kinaonyesha kwamba alivuka kutoka Mombasa kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, kisha kuna SOS ya mwisho wa Oktoba 1944 ikifuatwa na muhuri wa hospitali, na TOS ya Februari 1945 katika kambi ya akiba nchini India. Hakuna popote palipoandikwa jeraha. Kaka yangu mkubwa alipoyaona hayo alikasirika, akasema Waingereza walificha ili wasilipe.

Tazameni batalioni ilikuwa wapi tarehe hizo. Batalioni ya 36 ilikuwa katika Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo ilitoka mji wa Tamu, mpakani mwa India na Burma, na kuteremka katika bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani, katikati ya masika ya kule, wakati majeshi kwa kawaida yalikaa yakisubiri mvua ipite. Barabara ziligeuka matope ya magotini, chakula kilidondoshwa kwa ndege, na bonde lenyewe lilijulikana kwa malaria na kwa ile homa inayoenezwa na utitiri wa vichakani. Katikati ya Novemba walifika Kalemyo, na tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Katika vita ya Burma wagonjwa walizidi majeruhi kwa mbali sana, na safu ya machela iliyopanda kurudi Tamu ilibeba homa kuliko risasi. Kwa hiyo baba alisema kweli tupu: alitembea bonde lile kwa karibu miezi mitatu ya mvua, akaanguka majuma machache kabla ya wenzake kufika mtoni, akabebwa. Anayeona kwamba hilo ni dogo kuliko risasi hajaelewa bonde la Kabaw lilikuwa nini.

Medali nitazieleza kwa kifupi. Medali za Waingereza za vita ile zilitolewa bila kuchongwa majina, kwa hiyo nyota iliyookotwa sandukuni haithibitishi peke yake kwamba ni ya fulani, lakini aina yake inathibitisha mahali. Nyota ya Burma ina maneno yake yamezunguka alama ya mfalme katikati, na ilitolewa kwa waliokuwa katika eneo hilo la vita kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Nyota ya Afrika ni ya kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943, nayo iliwahusu pia waliopigana na Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi. Nyota ya 1939–45 ni ya waliokuwa katika operesheni kwa ujumla. Zile za duara ni mbili: yenye simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili ni medali ya vita waliyopewa karibu wote waliotumika siku 28, na yenye simba wawili kando ya mti wa mwaloni na taji juu yake ni medali ya ulinzi. Tafadhali msizisugue kwa brasso.

Naomba wenye nyaraka waziweke hapa, wakificha majina na namba, tuzisome pamoja.

Mchangiaji, Singida

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa uzi huu, kwa maana nimekaa na karatasi za marehemu baba tangu msiba bila kupata mtu wa kuniongoza. Baba alizaa uzeeni, nami ni kitindamimba wake. Cheti chake kina herufi EAASC na neno linalosomeka kama dereva daraja la pili, na tunayo Nyota ya Afrika. Hakuna KAR popote. Baba zangu wadogo wanasema kwamba hakuwa askari hasa, alikuwa dereva wa Wazungu tu, na kwamba tusimtaje miongoni mwa waliopigana. Baada ya vita aliendesha magari Kongwa kwenye mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga. Naomba unisaidie kuelewa kama ni halali kumwita mzee wangu askari wa vita ile.

Mleta uzi, Dodoma

Marahaba binti yangu. Ni halali kabisa, na ningewaomba baba zako wadogo wakae nawe mbele ya ramani.

EAASC ni kikosi cha uchukuzi na ugavi cha jeshi la Afrika Mashariki. Waliomo waliandikishwa, walikula kiapo, walivaa sare na walikuwa chini ya sheria ya kijeshi sawasawa na watu wa Keya. Nyota ya Afrika inakuonyesha alikokuwa. Mapema mwaka 1941 majeshi yaliyokuwa Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka mto Juba, yakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Kila pipa la maji, kila debe la petroli na kila risasi iliyotumika katika nyika ile ilifika kwa lori, na lori liliendeshwa na kijana kama baba yako. Vita ile ilikwenda kwa mwendo wa malori. Watu wa batalioni ya 1/6, yaani ya kwanza kati ya zile za 6 za Tanganyika, waliopigana Colito huko Uhabeshi tarehe 19 Mei 1941, mahali ambapo Sajini Nigel Leakey wa batalioni hiyo aliuawa na baadaye akapewa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, walikuwa wakila na kunywa kilicholetwa na madereva. Lakini majina ya madereva hao hayakuingia katika vitabu.

Chunguza tarehe ya kuandikishwa kwenye cheti. Ikiwa ni kabla ya Aprili 1941, inawezekana alikuwa katika msafara ule wenyewe. Ikiwa ni baadaye, tazama kama kuna muhuri wa Misri au wa Mashariki ya Kati, kwa sababu nyota hiyohiyo ilitolewa kwa waliotumika Afrika Kaskazini hadi Mei 1943. Na hiyo kazi ya Kongwa usiitenganishe na karatasi za jeshi. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947, wakati ambapo cheti cha dereva wa jeshi kilikuwa na thamani kuliko barua ya shule, na huenda nyuma ya cheti chake kuna mihuri ya waajiri waliokikagua.

Mchangiaji, Kondoa

Wapendwa, mimi sina nyaraka za mzazi aliyerudi. Ninayo barua moja tu ambayo bibi alipewa bomani, ikisema kwamba mumewe, baba wa mama yangu, alipotea baharini Februari 1944. Yalitajwa maneno "Artillery" na "301". Mama yangu bado yu hai, ana zaidi ya miaka themanini, na hadi leo anasema kwamba baba yake huenda alibaki Bara Hindi akaoa huko. Hatujui tumwambie nini.

Mleta uzi, Dodoma

Ndugu yangu, pole wewe na mama. Barua hiyo, kwa maneno machache uliyoyataja, inaelekeza mahali pamoja.

Meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo ikiwa imebeba Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na abiria wengine. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Waliookolewa walikuwa zaidi kidogo ya 200.

Kwa waliokufa kuna njia ambayo sisi wenye wazazi waliorudi hatuna. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayotafutwa bure kwenye intaneti, ya waliokufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Wale wa Rejimenti ya 301 waliopotea na meli ile wamekumbukwa katika Mnara wa Afrika Mashariki uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Tafuta kwa namba ya utumishi ikiwa imo kwenye barua. Ikiwa haimo, tafuta kwa kikosi na tarehe, kisha soma majina yote ya tarehe hiyo polepole ukiyatamka kwa sauti, kwa kuwa jina la Kirangi lililoandikwa na karani wa Nairobi hutambulika kwa sikio kabla ya jicho.

Kuhusu mama, ushauri wangu ni wa mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake. Msimpelekee habari kwa simu wala kwa karatasi iliyochapishwa. Litafuteni jina kwanza. Mkilipata, aende mtoto wake mkubwa pamoja na mzee wa ukoo, wamweleze kwamba jina la baba yake limeandikwa na mahali lilipo, na kwamba jeshi halikumfuta. Nairobi si mbali kwa basi, ikiwa afya inamruhusu.

Mchangiaji, Dodoma

Nimefanya kazi ya masijala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningependa kuongeza kuhusu mahali pa kutafuta, kwa sababu nimeona watu wakifika kaunta wakiwa na jina la baba pekee, nao hurudi mikono mitupu.

Majalada ya serikali ya kikoloni yamo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hayakupangwa kwa majina ya watu. Yalipangwa kwa ofisi iliyoyaandika na kwa jambo. Kwa hiyo swali lako liwe na wilaya, mwaka na shughuli: Wilaya ya Mpwapwa, 1942, uandikishaji wa askari, au Wilaya ya Manyoni, 1946, askari waliorudi. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni fedha za nyumbani. Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ili ilipwe kwa mke au mzazi wake, na malipo hayo yalipitia kwa mkuu wa wilaya. Penye fedha pana orodha, na penye malalamiko ya fedha pana barua. Jalada la malalamiko ya wake wa askari laweza kukupa jina la kijiji, jina la mtemi na hata jina la bibi yako, wakati majalada ya kijeshi hayana hata moja kati ya hayo.

Msitegemee kwamba faili la askari wa Keya litakuwa limeendelea moja kwa moja hadi jeshi letu la sasa. Vikosi vya Keya vya Tanganyika viligeuka kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, hilo nalo likavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na JWTZ likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Ni jeshi jipya, lililoanza na daftari jipya.

Na tafadhali, tafadhali sana, msizipeleke nyaraka hizi kwenye maduka ya kuzipiga plastiki ya moto. Wino wa zamani huharibika, na plastiki hiyo haiondoki tena. Msizibandike kwa selotepu. Zipigeni picha kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana, pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kisha zitieni katika bahasha ya karatasi na kuziweka juu, mbali na sakafu, maana mchwa wa Dodoma mnawajua.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi ni mzaliwa wa Bahi. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, je, Uingereza hawana faili la kila askari? Pili, kuna watu wamepita kijijini kwetu wakiwaambia watoto wa askari wa zamani kwamba watalipwa fidia, na kwamba kila familia itoe fedha ya fomu. Je, kuna ukweli?

Mleta uzi, Dodoma

Ndugu, asante kwa kuuliza hadharani.

Kwa la kwanza, kilichopo Uingereza ambacho kitakusaidia ni shajara za vikosi. Kila batalioni iliyokuwa vitani iliandika kila siku ilipo, inakokwenda, ilichokutana nacho na wangapi wamekufa au kuugua. Shajara hizo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, na zimepangwa kwa eneo la vita: mfululizo wa WO 172 kwa vikosi vya Kusini Mashariki mwa Asia, ikiwamo Burma, WO 169 kwa Mashariki ya Kati, na WO 174 kwa Madagaska, ambako batalioni ya 1/6 ya Tanganyika ilipelekwa mwaka 1942. Unaweza kuagiza nakala kwa malipo. Mwandishi wa shajara huwataja maofisa wa Kizungu kwa majina, na askari Waafrika mara nyingi huwataja kwa idadi tu: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa, kumi na wanane wagonjwa. Inaumiza kusoma hivyo, ukijua kwamba mmoja wa hao kumi na wanane ndiye aliyekulea. Hata hivyo, ukiwa na tarehe za TOS na SOS mkononi, idadi hiyo inakuwa na uso, kwa sababu wewe unajua alikuwamo.

Kwa la pili, msitoe hata senti moja. Ni kweli kwamba haki haikutendeka. Malipo ya kuachishwa jeshi katika Afrika Mashariki yalipangwa kwa kufuata rangi, na mtu wa cheo kilekile aliyetumika muda uleule alipata mara kadhaa zaidi ikiwa ni Mzungu. Kiasi kilichoandikwa nyuma ya vyeti vya wazazi wetu kisomwe kwa kujua hivyo. Lakini dai hilo ni la kisiasa na la kihistoria, halina fomu ya kuuzwa kijijini. Msaada uliokuwa ukitolewa kupitia Umoja wa Jumuiya ya Madola wa askari wastaafu, ulioanzishwa mwaka 1921, uliwalenga maveterani wenyewe waliokuwa hai na wajane wao waliokuwa katika shida. Kama kijijini kwenu bado yupo mjane wa askari wa Keya, huyo ndiye wa kushughulikiwa mapema: chukueni cheti cha mume wake na ushahidi wa ndoa, mwende kwenye chama cha askari wastaafu, msipitie kwa dalali.

Mchangiaji, Singida

Mzee, nimetazama nyuma ya cheti kama ulivyoniagiza. Tarehe ya kuandikishwa ni Novemba 1940. Nyuma kuna mihuri miwili ya waajiri, mmoja ni wa Kongwa wa 1948, na juu yake kuna mstari wa mkono unaosomeka "tabia njema sana, mwaminifu". Nimewasomea baba zangu wadogo. Mdogo wao ameomba nakala.

Mleta uzi, Dodoma

Mungu akubariki binti yangu. Novemba 1940 ni kabla ya Juba na kabla ya Mogadishu. Mpe nakala, naye ampe mwanawe.

Ili tuweze kulinganisha watu waliokuwa pamoja, ninapendekeza kila mwenye nyaraka aandike kwa mpangilio mmoja: kikosi, mahali na mwaka wa kuandikishwa, mahali alikovukia bahari, tarehe za TOS na SOS zinazosomeka, medali, mwaka wa kuachishwa. Naanza mimi. EAMLS kisha 36 KAR, Dodoma 1942, Mombasa kwenda Ceylon 1943, SOS mwisho wa Oktoba 1944, hospitali, TOS Februari 1945, kambi ya akiba India, Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma, medali ya ulinzi, medali ya vita, 1946. Mwenye mzazi wa 36 KAR aliyekuwa Kabaw Oktoba ile, naomba anitafute.